Swichi ya Matundu Manane

Mtaani walimwita Fundi Macho, na si kwa sababu macho yake yalikuwa makubwa. Alikuwa akifunga kamera za ulinzi, na kijiduka chake kilijaa nyaya hadi mteja aliingia ubavu ubavu. Mdomo nao alikuwa nao. Mteja akitaka swichi, kile kisanduku kinachopeleka umeme na mtandao kwenye kamera kwa waya mmoja, lazima asomewe somo: "Bosi, usihesabu matundu tu. Matundu ni sahani, wati ndio chakula chenyewe. Uliza chungu kizima kina wati ngapi."

Kwa wateja alikuwa hodari hivyo. Kwa mama yake mzazi alihesabu matundu.

Mama alibaki peke yake baada ya mzee kufariki, katika nyumba iliyo mwendo wa nusu siku kutoka dukani. Kuhama alikataa katakata. Fundi akaona dawa ni kamera: tano za kuzunguka nyumba, na kifaa cha waifai cha kufunga darini. Kazi za watu zilikuwa zimembana, akabeba swichi ndogo iliyokuwa imekaa tu rafuni. Vitu sita, matundu manane, akajiambia inatosha na kubaki. Kamera ya getini aliifunga mwisho, akaichomeka tundu la nane.

"Mama, ukisimama hapa nakuona na nakusikia," alimwambia.

"Hata nikinong'ona?"

"Hata ukinisengenya."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Basi kila mchana, akila dukani, Fundi alifungua simu akamwona mama anaanika nguo, mama anagombana na kuku. Roho ikatulia. Jioni hakutazama, maana jioni ndiyo saa ya kupanda ngazi kwenye nyumba za watu. Na hapo ndipo lilipoanza jambo linalomchoma moyo hadi leo: aliacha kumpigia mama simu. Ya nini, na anamwona? Mama naye hakupiga, alichelea kumsumbua mtoto kazini.

Mama alifariki usingizini, kimya kimya. Mazishi yalipokwisha, jirani yake wa miaka mingi alimvuta Fundi kando, wakasimama getini karibu na kigoda cha mama.

"Mama yako alikupenda, mwanangu," jirani alisema. "Kila magharibi alikaa hapa akaongea na wewe. Anakuuliza, 'Umekula, baba?' Halafu anangoja. Kisha anasema, 'Haya, usichelewe kulala.' Nikamwambia, mbona hakujibu? Akasema, ananisikia, ila kazi zimemzidi."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakuwahi kusikia hata neno moja.

Aliingia ndani akafungua mashine iliyokuwa ikihifadhi picha za kamera. Kila siku aliyoitazama ilikuwa ileile. Jua linazama, mama anatokea kwenye kona ya nyumba na kigoda mkononi, anakaribia geti, picha inakatika. Asubuhi inarudi, geti limesimama peke yake. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Giza likianza kuingia, kamera huwasha taa zake za kuonea usiku, na kila moja hudai umeme zaidi. Swichi ikizidiwa hukata tundu la mwisho ili mengine yashibe. Kamera ya getini ilikuwa ikilala njaa kila siku, na aliyeinyima ni yeye, mwenye somo la sahani na chungu. Alilia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, ameegemea friji ya mama.

Aliporudi tena kwenye nyumba ile alikuja na swichi kubwa, ya aina anayowafungia wenye hoteli. Jirani akamwuliza ya nini, na nyumba haina mtu. Fundi akaing'oa ile ndogo. Alibadilisha, akazichomeka nyaya zote, akatoka na kigoda akakaa getini.

Magharibi ikaingia. Vitaa vyekundu vikawaka kuzunguka nyumba, kimoja baada ya kingine, na cha getini kikawaka kisizime. Fundi akainua uso.

"Nimekula, mama," alisema, akangoja.