Bunduki Zote Tuliziita AK-47

Nilipoanza kuandikia gazeti habari za Changamwe na Mikindani, kila bunduki kubwa ilikuwa AK-47. Hatukuulizana. Polisi wakituonyesha silaha waliyoikamata, sisi waandishi tuliipiga picha kwa mbali, tukaandika "AK-47", kisha tukatafuta chai. Iliyovunjika kitako, AK-47. Iliyofungwa ndani ya gunia isionekane hata ncha, AK-47 pia.

Wakati huo nilikuwa na shughuli kubwa kuliko bunduki. Nilikuwa nimependa, tena vibaya, hata nikawa nacheka peke yangu njiani. Binti alikuwa mwalimu wa chekechea Mikindani. Wazee wangu wakapeleka barua ya posa kwenye bahasha iliyofukizwa udi, tukangoja.

Jibu likaja: baba yake ataka kuniona mimi mwenyewe. Kwa desturi yetu mposaji haendi, huenda wazee wake. Nikajua nimeharibu jambo, ila sikujua lipi.

Baba huyo alikuwa askari mstaafu, aliyetunza ghala la silaha jeshini maisha yake yote. Nilipofika kwake nilikuta mezani habari yangu ya wiki ile, imekatwa gazetini kwa makasi pamoja na picha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii waiona ni nini?"

"AK-47," nikasema kwa sauti ndogo.

"Hii ni G3! Tazama kasha la risasi, limenyooka. La AK limepinda kama ndizi. Wallahi simpi binti yangu mtu asiyetazama kilicho mbele ya macho yake. Sahihisha gazetini, kisha tutazungumza."

Nikampigia simu mhariri wangu Nairobi. Akasema hakuna msomaji aliyelalamika. Nikamwambia yuko mmoja, naye ana binti. Nilimsihi bila haya mpaka akanipa mistari miwili. Nikaandika kwenye simu: "Bunduki tuliyoiita AK-47 ilikuwa G3. Tunaomba radhi." Niliisoma mara ishirini kabla ya kutuma.

Asubuhi yake nikanunua gazeti, nikalifungua papo hapo barabarani. Mtu fulani ofisini, kwa mazoea yetu yale yale, alikuwa ameongeza maneno yake: "Bunduki tuliyoiita AK-47 ilikuwa G3, ambayo ni aina ya AK-47. Tunaomba radhi." Nikaketi ukingoni mwa barabara nikacheka mpaka muuza magazeti akaniuliza kama ni mzima.

Ningeweza kujificha. Badala yake nikaenda mbio Mikindani, nifike kabla mzee hajapata nakala yake. Nilimpa gazeti, nikamwonyesha na ujumbe niliotuma. Akasoma gazeti, akasoma ujumbe, akavua miwani. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka hadi mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

"Bunduki sasa waijua," akasema akipangusa machozi. "Na aibu yako umeileta mwenyewe, hukungoja nikuite. Waambie wazee wako waje Ijumaa."

"Inshallah!" nikajibu kwa kelele, nikasahau niko nyumba ya watu. Nyuma ya pazia la mlangoni mtu akaangua kicheko. Sauti ile niliijua, na furaha ikanijaa hata nikashindwa kuaga.