Mifuko Miwili ya Kwenda Nyansiongo

Kamati ya Maandalizi ya Tamasha la Sauti za Borabu iliutangazia umma kwamba, kwa ajili ya usalama na uwazi, kila atakayefika uwanjani Nyansiongo ataingia na mfuko mmoja tu wa mchana. Kwamba mfuko huo uwe wa kuonyesha vilivyomo pande zote. Na kwamba ndani yake kitu kisifungwe ndani ya kitu kingine. Sharti hilo, Kamati ilisisitiza, linamhusu kila mtu bila ubaguzi. Miavuli ilikatazwa pia, katika nchi ambako mvua ya saa nane mchana ni ya kutegemewa kuliko kamati yoyote.

Phanice Kemuma alilisoma tangazo mara mbili akiwa nyuma ya kaunta ya duka la Chandulal mjini Kisii, ambako ameuza blanketi, shuka na masanduku kwa miaka ishirini na miwili. Mtu akiuza mabegi muda huo wote hupata maoni. Maoni ya Phanice ni kwamba begi zuri halisemi lolote kumhusu mwenye nalo. Kamati sasa ilitaka begi linalosema yote.

Shida ya kwanza ilikuwa kulipata. Serikali ilikwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, na watu wameizoea sheria hiyo hadi wakiona mfuko wa plastiki hugeuka kuangalia nani anawatazama. Dukani kulikuwa na mabegi ya turubai, ya ngozi bandia, ya kitenge, na moja lenye picha ya mnara wa Paris ambalo halijapata mnunuzi tangu Chandulal akiwa na nywele. La kuonyesha halikuwepo.

"Unatafuta nini huko juu ya ngazi?" aliuliza Shanta, mke wa Chandulal, kutoka kitini mwake karibu na mlango. Shanta alizaliwa Kisii. Hubishana bei kwa Ekegusii ambacho wauza ndizi wa Suneka hukiheshimu, na Kiswahili hukiweka kwa ajili ya kukemea.

"Mfuko unaoonyesha ndani, mama. Miwili. Wangu na wa Orpah."

"Na hizo shuka zimelala ndani ya nini?"

Phanice akatazama. Shuka za jozi huja katika mfuko mgumu, mwangavu, wenye zipu. Kila nyumba ya Kisii inao mmoja, na ndani yake mna vyeti vya shule na karatasi za shamba. Alikuwa amewauzia watu mifuko hiyo maisha yake yote na hakuwahi kuiita mfuko.

"Na shuka zenyewe je?"

"Zitavaa gazeti. Chukua haraka, mzee hajarudi."

Phanice alitia mikanda kwa kukata ule wa sanduku lililovunjika gurudumu, akaishona kwa uzi wa nailoni na sindano ya magunia. Ikatoka mifuko miwili mizuri, yenye sura ya kitu kilichoagizwa kutoka mbali.

Haikumshangaza mtu kwamba Phanice alishona miwili. Orpah Anyona, anayefanya kazi katika ofisi ya wakala wa bima ghorofani juu ya duka, hajawahi kujipakia mfuko tangu alipokwenda kujifungua mtoto wake wa kwanza, Ochoki, miaka kumi na tisa iliyopita. Siku ile uchungu ulimshika kazini, na Phanice ndiye aliyekimbia kumpakia. Hakusahau kitu hata kimoja, hata sabuni. Tangu hapo ikawa desturi yao. Orpah akienda arusi, mkutano wa kanisa au mazishi, huleta vitu vyake vimefungwa ndani ya leso, na Phanice huvipanga begini. Leso haifunguliwi. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya desturi: unapanga mzigo wa rafiki yako, huuchunguzi.

Tamasha lilikuwa na jambo kubwa zaidi ya mifuko. Phanice alikuwa na wimbo. Aliutunga kwa Ekegusii, akaukamilisha kwa miaka mitatu kati ya mteja na mteja, kuhusu mama yake, Persis, aliyechuma chai Gesima hadi vidole vikabaki na rangi ya majani hata siku ya Jumapili. Jina la Persis linatajwa mara moja tu, katika ubeti wa tatu, na wimbo wote unapanda kulifikia kama mtu anayepanda mlima akijua kuna nyumba kileleni. Persis alikufa bila jina lake kuandikwa popote isipokuwa kwenye kadi ya kituo cha kununulia chai. Phanice alitaka liimbwe mbele ya watu, mara moja, kwa kipaza sauti. Hakutaka zaidi ya hapo.

Tamasha lilikuwa na nafasi kwa watunzi wapya, ila fomu ilijazwa kwa kompyuta. Orpah anayo kompyuta. Basi mwezi wa pili waliingia nyuma ya duka, wakasimama katikati ya blanketi zilizorundikwa hadi darini, kwa sababu blanketi humeza mwangwi, na Phanice akauimba wimbo wote ndani ya simu ya Orpah. Orpah alilia. Alilia kweli.

Mwezi wa tatu Orpah alishuka ngazi taratibu, akamwita Phanice kwa jina la mwanawe, kama kawaida. "Mama Nyamongo, wamekataa. Wanasema nyimbo ni nyingi. Lakini twende tu, tukasikilize hao wazuri kuliko wewe, tuwacheke."

Phanice alicheka ili amfariji Orpah.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya safari, Orpah alipitisha leso yake juu ya kaunta akakimbilia mteja wake wa bima. Phanice alianza na mfuko wake mwenyewe: sweta, maana Nyansiongo ni baridi, kofia ya mvua, chupa ya maji, njugu za kukaanga zilizomiminwa tupu, bila karatasi, zikitambaa chini ya mfuko kama siafu. Kisha akaushika mzigo wa Orpah na kuutia ulivyo.

"Toa," alisema Shanta, ambaye naye alikuwa amelisoma tangazo na kulipenda. "Kitu ndani ya kitu. Watamrudisha mlangoni."

"Huwa sifungui leso yake, mama."

"Basi mpakie arudi Kisii."

Phanice akalifungua fundo.

Ndani mlikuwa na gauni la kijani ambalo hajawahi kuliona, viatu vyenye kisigino visivyofaa kusimama uwanjani kwenye matope, kopo dogo la poda, na kadi ya plastiki yenye utepe wa kuvaliwa shingoni. Kadi ilikuwa na picha ya Orpah akitabasamu. Chini ya picha: ORPAH ANYONA, MTUNZI NA MWIMBAJI. Pamoja nayo kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa vizuri, wimbo wenye beti nne.

Aliusoma polepole, kama mtu anayesoma barua ya benki. Kila neno lilikuwa lake. Katika ubeti wa tatu palipokuwa na Persis paliandikwa Moraa, ambaye ni mama yake Orpah, yuko hai, anauza vitambaa Suneka, na hajawahi kuchuma hata jani moja la chai.

Shanta aliona uso wake. Aliinuka akamhudumia mteja yeye mwenyewe, jambo ambalo hutokea mara moja kwa mwaka.

Orpah alishuka saa kumi. Mfuko wake ulikuwa juu ya kaunta, umepangwa, zipu imefungwa. Gauni lilikuwa limekunjwa mara nne, viatu vimegeuziana visigino, na kadi ilisimama mbele kabisa ikitazama nje, kama bei kwenye dirisha la duka. Alisimama akaitazama picha yake.

"Ulifungua leso."

"Tangazo limesema kitu kisifungwe ndani ya kitu."

"Phanice, ngoja nikueleze."

"Nieleze."

Orpah aliangalia nyuma kama kuna mteja. Hakukuwa na mteja. "Sasa, ungeimba wewe? Wewe? Ukipewa usome matangazo kanisani unatetemeka mpaka karatasi inapiga kelele. Ule wimbo ungeozea hapa kwenye blanketi. Mimi nimeutoa nje. Mtu angeshukuru."

"Uliniambia wamekataa."

"Ningekuambia nini? Ungelia."

"Kwa hiyo hawakukataa."

"Walisema ni mzuri sana," Orpah akasema, na kwa bahati mbaya fahari ikamponyoka usoni. "Walisema mtunzi ana kipaji."

"Na mama yangu?"

"Sikusema chochote kibaya kuhusu mama yako."

"Hukusema chochote kabisa. Umemtoa."

"Aki Mama Nyamongo, ni jina tu. Mama yangu naye amezeeka, atakuwa uwanjani, amekaa mbele. Nitaimba jina la mtu mwingine akinitazama?"

Jibu hilo lilikuwa na mantiki yake, na hicho ndicho kilichomuumiza Phanice zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa uongo.

"Sikiliza," alisema. "Gauni lako, kadi yako. Makofi chukua. Nenda ukaitwe mtunzi mpaka Nairobi. Lakini ukifika ubeti wa tatu, mwite Persis. Mara moja tu. Hiyo tu ndiyo nakuomba."

Orpah aliutwaa mfuko, akauangalia huku na huku akitafuta namna ya kuushika bila kadi kuonekana. Haikuwepo. Akaukumbatia kifuani.

"Nitaona," alisema.

"Umekuwa ukisema 'nitaona' tangu Ochoki azaliwe."

"Nimesema nitaona."

Shanta, akihesabu foronya zilizokwisha kuhesabiwa, alisema kwa Ekegusii neno moja ambalo wauza ndizi wa Suneka wangelifurahia. Orpah alijifanya hakusikia, akapanda ngazi.

Kesho yake Phanice alikwenda. Watu waliomsikia baadaye walimwuliza kwa nini, na akawaambia alishalipia. Ukweli ni kwamba alitaka kusikia lile jina moja la ubeti wa tatu. Alifika Nyansiongo saa sita na kuingia kwenye foleni iliyozunguka ua mara moja na nusu. Ilisonga polepole, kwa kuwa walinzi walikuwa wakifanya kazi yao kwa bidii: kila mfuko uliinuliwa ukatazamwa kwenye mwanga. Mwanamke mmoja alinyang'anywa mwavuli. Mzee mmoja alitakiwa aeleze dawa zake za tumbo, na akaeleza, na foleni nzima ikasikiliza.

Phanice alikuwa amebakiza watu sita aliposikia wimbo wake ukianza upande wa pili wa ua. Aliujua kwa pumzi ya kwanza. Orpah aliuimba vizuri. Phanice alikiri hilo mwenyewe. Ubeti wa kwanza watu walinyamaza. Wa pili mtu fulani akapiga kigelegele. Wa tatu ulipanda, ukapanda, ukafika.

Moraa.

Watu walishangilia. Mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alijifuta macho akasema, "Huyo mama amebarikiwa kupata mtoto wa hivyo."

Zamu ya Phanice ilifika. Mlinzi aliuinua mfuko wake wa shuka, akautikisa, akaonyesha njugu kwa kidole. Chakula cha nyumbani hakiruhusiwi. Akazimwaga zote kwenye pipa, na kwa kuwa hazikuwa na karatasi, ilimchukua muda.

"Huyu anayeimba," Phanice alimwuliza akingoja, "alipita hapa na mfuko wake?"

"Wasanii, mama?" Mlinzi alikung'uta ya mwisho. "Hao wana lango lao kule nyuma. Huko hakuna kukaguliwa."