Hapa ni Njiwa Tu

Dafroza hasomi ugomvi akiwa nyumbani. Simu ikianza kulia mfululizo, ile milio ya kufukuzana ambayo ukiisikia tu unajua huko ndani watu hawasalimiani, anaiokota kwa vidole viwili, anakatiza uwani, anafungua geti na kutoka mpaka kwenye mtaro wa barabarani. Hapo ndipo anaifungua na kusoma. Akimaliza anazima sauti, anatengeneza uso, anarudi ndani. Majirani zake wa mtaa wa Iringo, mjini Musoma, wameshazoea, hawaulizi tena.

Sababu ni njiwa. Alipokuwa mdogo kule Bugwema, bibi yake alimwambia kwamba njiwa hawakai kwenye nyumba ya magomvi. Watu wakianza kufokeana, wao wanajikusanya, wanaruka, na ndio basi. Dafroza haliamini jambo hilo moja kwa moja, ila kulikataa pia hathubutu. Kinachomsumbua ni kitu kingine. Ugomvi wa kwenye simu nao unahesabika? Njiwa anausikia? Bibi alifariki kabla simu hazijafika Bugwema, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza.

Mchana Dafroza yuko kwenye steshenari yake karibu na stendi, anatoa fotokopi za vyeti na kupiga chapa barua za watu. Jioni yuko na njiwa. Alianza na wawili waliokuja wenyewe wakatua juu ya tanki la maji, akawamwagia mtama, hawakuondoka. Sasa banda limejaa, na yeye ndiye admini wa grupu la Wasapu linaloitwa Njiwa Mara, lenye watu wa Musoma, Bunda na Butiama. Humo watu wanaulizana dawa, wanaonyeshana makinda, wanaazimana madume. Na juu kabisa, mahali pa maelezo ya grupu, Dafroza aliandika sentensi moja: Hapa ni njiwa tu. Siasa peleka kwako.

Kwa muda mrefu sentensi hiyo ilitosha.

Ilitosha hata kuzaa ushirika. Mhoja, mkulima wa pamba wa upande wa Bunda, alikuwa na dume jeupe lenye manyoya mpaka kwenye kucha, kama limevaa suruali. Baltazari, katekista wa Butiama, alikuwa na jike la aina hiyohiyo. Wawili hao hawajawahi kuonana, wanajuana kwa picha na sauti. Wakakubaliana humo humo kwenye grupu kwamba ndege wao wakutanishwe kwa Mama Yunis, ndiye Dafroza huyo, kwa sababu yuko mjini na hana upande. Kinda la kwanza la Mhoja, la pili la Baltazari. Ndege wakaletwa, wakazoeana, jike likataga mayai mawili. Dafroza alituma picha ya kiota, na grupu zima likafurahi kama limealikwa ubatizo.

Halafu Mhoja akatuma picha yake. Ilikuwa ya shamba la mtama, au lililokuwa shamba. Mabua yamelala chini yote, na katikati kuna nyayo kubwa kama sinia. Chini yake aliandika kwamba tembo wamepita, msimu huu hana chakula cha njiwa.

Sasa hapo, kosa liko wapi? Dafroza aliisoma jioni akiwa bandani, akaona ni habari ya njiwa kabisa. Mtama ndio wanaokula. Lakini mtu mmoja akauliza kwa nini tembo hawazuiwi. Mwingine akasema waulizwe waliopewa kura. Akatokea wa tatu na picha ya mgombea, kacheka meno yote. Na Baltazari, ambaye kawaida huandika kwa upole kama anasoma matangazo ya kanisa, akaandika kwamba waliolima kwenye njia ya tembo wajilaumu wenyewe. Mhoja akamjibu neno ambalo Dafroza hakulitegemea kwa mtu anayefuga njiwa.

Alitoka mbio mpaka mtaroni. Akafuta. Alifuta la mgombea, la kura, la njia ya tembo, na lile neno, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshashika kasi akafuta na picha ya shamba. Kila alipofuta, jingine liliingia. Mwisho akafunga grupu, ikawa admini peke yake ndiye anaweza kuandika. Akaandika: Hapa ni njiwa tu. Kukawa kimya. Akarudi ndani, akawachungulia njiwa. Wote walikuwepo, akashusha pumzi.

Kesho yake Mhoja akapiga simu. Hakufoka, na hilo lilimtisha zaidi. Alisema kama grupu lenyewe limemfungia mdomo, basi ushirika umekwisha, na anakuja kumchukua ndege wake.

Alifika na boksi lililotobolewa matundu, amevaa koti la kanisani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Dafroza alimkaribisha, akampa maji, akamwonyesha banda. Mhoja akainama, akatazama, akabaki ameinama.

Dume lilikuwa limelala juu ya mayai. Kwa njiwa mambo yako hivyo: jike linatamia usiku, na jua likishapanda kidogo dume linampokea mpaka jua linapoanza kushuka. Mhoja alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa amekuja kwenye zamu ya dume lake.

“Nitasubiri jike lije,” alisema, akaliweka boksi chini.

Wakasubiri. Dafroza akasonga ugali, akaunga na dagaa, wakala kwenye kibaraza kinachotazamana na banda. Mhoja alikula vizuri, tena kwa adabu, kisha akanawa na kuuliza swali ambalo ni wazi alikuwa amelibeba njia nzima kutoka Bunda.

“Mama Yunis, mimi huwaga sisomi sana. Nionyeshe kwenye ujumbe wangu neno la siasa liko wapi.”

Dafroza akachukua simu. Akapandisha, akashusha. Kila alipoangalia palikuwa pameandikwa tu kwamba ujumbe umefutwa. Alijaribu kukumbuka. Tembo? Tembo ni mnyama. Mtama? Mtama si neno la siasa. Shamba?

“Sijui,” alisema. “Ulikuwa unaelekea huko.”

“Nilikuwa naelekea kuomba mtama, mama. Nilikuwa bado naandika. Mpaka namaliza, nimeshafungiwa.”

Dafroza akaiweka simu pajani. Akafikiri: tembo akila mtama wa mtu ni siasa, lakini yule tembo akipigwa picha na watalii si siasa? Na bei ya mtama je? Na dawa ya njiwa, ambayo imepanda na kila siku wanailalamikia humo ndani, hiyo ni njiwa au ni siasa? Kadiri alivyolifuata swali ndivyo lilivyozidi kumkimbia. Kitu kimoja tu alikuwa na uhakika nacho, na hicho ndicho kilichokuwa kinamkereketa tangu jana.

Alimwambia Mhoja kwamba Baltazari aliandika ujumbe mwingine, wa mwisho, ambao yeye Dafroza aliufuta kabla watu hawajauona. Baltazari alisema kijana wake, Nyamhanga, ni askari wa wanyamapori upande ule ule wa Bunda. Alienda kuwafukuza tembo mashambani, akachelewa, wanakijiji wakampiga mawe. Mpaka leo sikio moja halisikii.

Mhoja aliinama. Akaokota punje ya mtama chini, akaizungusha kwenye vidole.

“Mimi sikurusha jiwe,” alisema mwishowe. “Lakini nilikuwepo siku hiyo. Mpigie.”

Dafroza akasita, akatazama banda. Hakujua aseme nini kuhusu bibi yake na magomvi mbele ya mgeni mwenye koti. Akasema watoke nje ya geti. Mhoja akasema hatoki, dume lake liko hapa, na amechoka. Basi akapiga hapo hapo, akaweka spika, akaikumbatia simu kifuani kana kwamba sauti itapungua.

Haikupungua. Baltazari alianza na salamu za Kristo, lakini dakika haikuisha wakawa wameshapandishiana sauti. Mhoja alisema tembo mmoja analindwa kuliko kaya nzima. Baltazari alisema hao tembo ndio wanaolipa mshahara unaomlisha mwanawe, na mwanawe ndiye anayekesha porini ili Mhoja alale. Mhoja akauliza mbona basi usingizi haupati. Wakaingia kwenye kura, nani alimchagua nani na kwa kanga ngapi. Dafroza alikuwa haelewi tena wanabishana au wanakubaliana, maana mara mbili walisema kitu kilekile kwa hasira ileile. Macho yake yalikuwa bandani tu.

Njiwa hawakuruka. Mmoja alijikuna. Wengine walikuwa wanagombania bati la maji, na kelele zao wenyewe zilikuwa kubwa. Dume la Mhoja liliinua shingo, likawatazama kwa jicho moja, likajikalia vizuri juu ya mayai.

“Na ndege wangu namchukua leo,” Mhoja akamalizia, akihema.

“Mchukue,” sauti ya Baltazari ikajibu. “Na mimi nitakuja kumchukua wangu. Mayai tumwachie admini, ayatamie mwenyewe. Si ndiye mwenye mamlaka?”

Mhoja alijitahidi asicheke, akashindwa, kicheko kikamtokea puani. Baltazari naye akasikika anakohoa kikohozi cha uongo. Dafroza hakucheka. Alikuwa anajiuliza kama amedharauliwa au amesamehewa.

Jua liliposhuka juu ya paa la jirani, jike likaja. Likaingia, likamsukuma dume kwa bega, dume likanyanyuka taratibu likihakikisha hakuna yai linaloviringika. Ikawa nafasi. Mhoja alikuwa ameshapiga magoti na boksi liko wazi. Mkono wake ukaenda mpaka kwenye mlango wa banda, ukakaa hapo.

“Nikimbeba,” alisema bila kugeuka, “kesho mchana nani atampokea huyu?”

Akautoa mkono. Dafroza aliingia stoo, akatoka na mtama, akaumimina kwenye mfuko na kuuweka ndani ya lile boksi. Mhoja akauliza atalipaje. Akaambiwa aache hayo. Alipofika getini akageuka.

“Fungua grupu. Nataka kumjibu huyu mzee vizuri, mbele za watu.”

“Mtagombana tena.”

“Tutagombana, ndiyo. Kwani hapa tumefanya nini?”

Dafroza akafungua. Jumbe zikaanza kumiminika, na safari hii hakukimbilia mtaroni. Alisomea palepale kibarazani. Mhoja aliandika habari ya siku ile ya mawe, alichokiona na nani alikuwepo. Baltazari akamuuliza mambo mawili, akajibiwa. Mwingine akamtukana Baltazari, na wa kwanza kumkemea akawa Mhoja. Akatokea na yule wa picha ya mgombea, ambaye Dafroza alimfuta, halafu akajiuliza kwa nini huyo amemfuta na wengine kawaacha. Watu wawili waliaga, wakasema hawakuja kusikia habari za tembo, wao walikuja kwa njiwa. Hao nao, akaona, wana haki.

Akafungua pale juu penye maelezo ili aandike upya. Akaandika: Hapa ni njiwa. Akaongeza: na chakula chao. Akafikiri, akaongeza: na wanaowafuga. Halafu kidole kikabaki hewani, kwa maana sasa hakuona nani au nini kimebaki nje.

Ndani ya banda jike lilikuwa limeshafumba macho.