Ungo kwenye Keria

Mimi ni mtu wa maneno. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilitoka tumboni nikiuliza habari za mjini, na rafiki zangu wa Kivinje, wakiwa na haraka, walikuwa wakinikwepa kwa kupita uchochoro wa nyuma. Mtu wa namna hiyo hakupaswa kuoa kule bara, kijiji cha Njinjo. Kwa kina mke wangu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, na wakikutana njiani mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe, na asiyeifuata huonekana hakulelewa. Mwaka mzima na zaidi baada ya ndoa, uso wa mama mkwe wangu sikuwa nimeuona. Nilimjua kwa kikohozi. Alikuwa akikohoa kabla ya kutokeza uani, nami nikageukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Njinjo nilikuwa nikienda kwa baiskeli, enzi hizo za Mwingereza, nikipeleka samaki wakavu na chumvi na kurudi na ufuta na nta. Ukitoka pwani unaanza na mchanga unaong'ang'ania tairi, halafu changarawe nyekundu inaanza kulia chini yako, miombo inasogea karibu, na mahali pengine unauona mto Matandu ukimetameta kati ya miti. Niliipenda njia ile, nasema kweli. Mbung'o waliniuma, vilima vilinikausha koo, na bado niliimba peke yangu kwa sauti, maana kule hapakuwa na mtu wa kunikimbia.

Masika moja mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na siku zake zimekaribia. Mkunga wa mtaani akampapasa tumbo, akanyamaza, akampapasa tena. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, kichwa kiko juu. Nikataja hospitali. Mke wangu akanishika mkono.

"Nitakwenda popote utakaponipeleka," akasema, "lakini kwanza niletee mama. Yeye huwageuza watoto kwa mikono yake na mafuta ya nyonyo. Niletee mama, maana hofu itaniua kabla ya uchungu."

Malori hayakuwa yakipita. Kila masika serikali ilifunga barabara kwa gogo, ikabaki ya waendao kwa miguu na sisi wa baiskeli tuliojipenyeza pembeni. Kwa miguu, mama yule angefika amechelewa. Basi nikajaza upepo matairi, nikasema bismillahi, nikaondoka alfajiri.

Jioni nilikuwa barazani kwa mjomba wa mke wangu, nimetapakaa tope mpaka masikioni. Nikamweleza yaliyonileta. Mzee akajikuna kidevu.

"Atapanda nini?"

"Baiskeli yangu, baba."

"Nyuma yako?"

"Nyuma yangu."

"Akushike kiuno?"

Mimi, na mdomo wangu wote huu, nikainama kukwangua tope miguuni. Ndani ya nyumba kikohozi kikasikika.

Asubuhi nililikuta jibu limefungwa kwenye keria. Mama mkwe alikuwa amechukua ungo wake wa kupepetea, akausimamisha nyuma ya kiti, akaukaza kwa kamba za ukindu, ukawa ukuta kati ya mgongo wangu na yeye. Nikakaa nikitazama mbele. Nikasikia keria ikilalamika chini yake, na mjomba akacheka.

"Nendeni salama," akasema. "Nyumba imeshajengwa."

Sijapata kuendesha kwa taabu kama ile. Ungo ulishika upepo kwenye kila mteremko, na kwenye mashimo ulinipiga mgongoni. Tulikwenda bila neno, na ulimi uliniwasha kwa kunyamaza. Ndipo, tukiteremka kilima cha kwanza, sauti ikatoka nyuma ya ungo.

"Wewe baiskeli, mbona mbio hivyo? Mbele hapo pana shimo."

Nilikaribia kutuangusha wote wawili. Hakusema na mimi, alisema na baiskeli. Heshima ilikuwa palepale, haikuguswa. Nami nikauona mlango uko wazi.

"Baiskeli," nikasema, "mwambie mama shimo hilo tunafahamiana."

"Basi mwambie alisalimie kwa mbali."

Tangu hapo tulizungumza msitu mzima. Baiskeli iliulizwa habari za Kivinje, bei ya kanga, na kama ni kweli watu wa pwani hulala mchana. Ikajibu yote, na mengine ikayaongezea chumvi.

"Baiskeli, hivi bwana wako alimfuata mwanangu au alifuata ufuta?"

"Mwambie mama nilifuata ufuta, nikamwona mwanawe, ufuta nikausahau."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alicheka kama mwanawe, puani kwanza, kisha kwa sauti. Nilipokisikia kicheko kile, hofu niliyokuwa nikiikimbia tangu jana ikanifikia yote kwa pamoja.

"Baiskeli, mwambie mama naogopa."

Changarawe ikalia chini yetu kitambo kirefu.

"Mwambie na mimi naogopa," akasema. "Watoto wa watu nawageuza bila kutetemeka. Huyu ni wangu."

Kijito kinachomwaga maji yake Matandu tulikikuta kimejaa. Jana yake kilinifika mapajani; sasa kilikuwa cha kifua, na rangi yake kama chai ya maziwa. Tungengoja kipungue, tungelala hapo, na mvua nyingine ilikuwa inajikusanya juu yetu.

"Baiskeli," akasema mama mkwe, "maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Tukaingia, mimi nimeshika usukani, yeye ameshika keria, baiskeli kati yetu. Tulipofika katikati, mawe yakahama chini ya miguu yake. Sikusikia yowe, nilihisi tu baiskeli imekuwa nyepesi. Nikaiachia. Nikamshika mkono, nikaukamata na wa pili, nikamvuta mpaka ukingoni, na pale, huku tukitema maji, tukatazamana. Macho yalikuwa yaleyale ya mke wangu. Mvi zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso. Akajifunika kanga upesi, nami nikaikimbilia baiskeli, iliyokuwa imenaswa na mizizi chini kidogo. Ungo ulikuwa umeshakwenda zake, unazunguka juu ya maji kuelekea Matandu.

Nikaisimamisha baiskeli barabarani, nikampa mama mgongo, nikangoja. Kama angekataa kupanda, sikuwa na la kufanya. Singeweza kumsihi, hata kumgeukia nisingeweza, na kule Kivinje mke wangu alikuwa amelala akisikilizia kengele ya baiskeli yangu. Mvua ikaanza kudondoka. Kisha keria ikalalamika, na mikono miwili ya baridi ikanishika kiuno.

Njia yote iliyobaki hakuna aliyesema neno, hata kwa baiskeli.

Alipofika alivua kanga mbichi, akavaa ya mwanawe, akaomba mafuta. Mimi nikakaa uani na baiskeli yangu. Harufu ya nyonyo ilinifikia dirishani, pamoja na sauti yake akimsemesha mtoto tumboni: "Zunguka, mjukuu wangu, zunguka taratibu. Mlango uko huku." Aliifanya kazi hiyo siku ile, na kesho yake, na keshokutwa yake. Nami nilikuwa sili, silali, na majirani walishangaa kuniona nimenyamaza.

Hatimaye kikohozi kikasikika mlangoni. Nikageukia ukutani.

"Baiskeli, mwambie bwana wako mtoto amegeuka."

Na siku nyingine, asubuhi, baada ya mayowe niliyozibia masikio nisiyasikie:

"Baiskeli, mwambie bwana wako ana binti. Na mama yake anataka uji."

Nililia nimeegemea kiti cha baiskeli, nikiiambia imwambie ahsante, halafu imwambie tena.

Arobaini ilipokwisha, gogo lilikuwa limeondolewa barabarani na malori yanapita. Mama mkwe akamtuma mwanawe aniambie kwamba lori linamtia kichefuchefu. Atarudi kama alivyokuja. Basi nikaenda sokoni, nikachagua ungo mpya, mkubwa kuliko ule uliochukuliwa na maji, nikaufunga kwenye keria kwa uangalifu. Nilitaka ajue kwamba hata mtu wa pwani amelelewa. Kisha nikakaa kwenye baiskeli, nikatazama mbele.

Kikohozi kikaja. Nikasikia kamba zinafunguliwa nyuma yangu, moja baada ya nyingine. Mama mkwe akamwita mwanawe, akampa ungo.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Huu ni wa kupepetea mchele."

Kisha keria ikalalamika, na mikono ikanishika kiuno. Safari hii ilikuwa na joto.