Hibiskusi za Eda

Mauti hayabishi hodi. Karimu, fundi wa pikipiki, alikwisha kung'oa ua wa mabati uliokuwa mbele ya nyumba yake katika mtaa wa Mutakura ili ajenge ukuta wa matofali, na matofali yenyewe hata hayajafika, alipogongwa barabarani akirudi nyumbani kwa pikipiki yake, akafa. Mkewe Zubeda akajikuta anaanza eda, miezi ya kukaa ndani asionwe na wanaume wa nje, katika nyumba iliyo wazi kama kibanda cha sokoni.

Hakulia. Watu walimwambia alie, akawasikia kama mtu asikiavyo redio ya jirani.

Shemeji yake Faruk hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yanyooke.

"Shemeji, hapa bapita njia bote banakuona. Kuya kwetu Buyenzi, utakalia eda kule."

"Apana. Mi nabaki kwa bwana yangu."

"Bila lupango, bila ua?"

"Ntapanda."

Kwa nini alishikilia vile, mwenyewe hakujua. Alijua tu kwamba hatoki.

Jirani yake Elvire, Mkristo, aliuliza eda ni nini, akaelezwa, akarudi na fungu la vijiti vya hibiskusi.

"Hii haichelewi, dada. Uipe mayi tu."

Wakavichomeka kwa mstari mbele ya nyumba, pembe hadi pembe, na Elvire akatundika vitenge vyake kwenye kamba vikinge macho mpaka miti ikue. Faruk alivitazama vile vijiti, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nani asingetikisa?

Mvua ikanyesha. Zubeda alivimwagia maji yaliyobaki ya kutawadhia, bila kuvipenda wala kuvichukia. Elvire akavikata ncha vitanuke. Vikawa vichaka, kijani tupu, kisha maua mekundu, na vitenge vikashushwa. Wageni waliingilia uani kwa Elvire. Zubeda alikula alichopewa, hakujua kama kina chumvi. Ila pikipiki ikipunguza mwendo nyuma ya majani yale, aliinuka akawasha jiko.

Siku ya kutoka eda wanawake walimwogesha, wakamvika nguo mpya, wakamsindikiza hadi mbele ya nyumba. Hapo wakasimama wote. Hakuna aliyekumbuka kuacha mlango. Wakati wa kupanda, nani alifikiria kutoka?

"Tupite kwangu," Elvire alisema huku akicheka.

Zubeda akaomba panga. Alikata mwenyewe, matawi yakaanguka na maua yake, mpaka barabara ikaonekana. Pikipiki ilikuwa imesimama pale, injini inanguruma, na juu yake amekaa Faruk, amekuja kumsalimia.

"Kumbe ni we," Zubeda alisema.

"Ni mi, shemeji. Ulingojea nani?"

Miezi yote ile Zubeda alijua Karimu amekufa, na miezi yote ile alikuwa akimngojea. Akakaa chini katikati ya matawi, akalia mpaka Faruk akazima injini.