Ndugu Yangu Anaamini Nimekataa Makande Yake kwa Kuogopa Sumu

Naomba jina langu lisitajwe, maana huko kwetu nako wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mgane wa miaka sitini na minne. Nilizaliwa Ugweno, milimani Upare, nikashuka tambarare nikiwa kijana kuwa karani wa shamba la mkonge karibu na Same. Nilidhani nashuka kwa misimu michache tu. Nimezeekea huku kwenye vumbi, na kila asubuhi naiona milima yetu, karibu kabisa, na siishi huko.

Mkonge ulipokosa bei tulivumilia, sukari kwa foleni na sabuni kwa kujuana. Sasa maduka yamejaa bidhaa, lakini shamba limeuzwa, na mwenye mali mpya anazitaka nyumba za wafanyakazi mwisho wa mwezi huu. Wanangu wako Dar es Salaam, kila mmoja na familia yake katika chumba kimoja cha kupanga. Pa kwenda ni kwa mdogo wangu tu, anayelima shamba la marehemu baba.

Shida nyingine ni presha, ambayo ndiyo iliyomuua baba. Dawa za zahanati hazikuwahi kuishusha. Mwaka huu daktari mmoja anayefanya utafiti alinichukua miongoni mwa wagonjwa wake, akanieleza kwa heshima. Figo, alisema, hazichuji mkojo tu, bali huiangalia presha pia. Zikihisi imeshuka, hutoa kichocheo kwenye damu, na hicho huamsha kingine kinachobana mishipa na kuufanya mwili ung'ang'anie chumvi. "Zako, mzee wangu, nahisi zinaita msaada wakati hakuna hatari. Nataka kulithibitisha hilo." Ipo dawa mpya ya kukizuia kichocheo hicho. Madukani Same haipo, na wataipata wale tu watakaomaliza vipimo. Sharti ni kula bila chumvi wala magadi majuma kadhaa, na siku moja kukusanya mkojo wote ndani ya dumu, asubuhi hadi asubuhi.

Siku hiyohiyo ndiyo wazee wa ukoo waliyoniita kunionyesha kiwanja cha kujenga kwenye shamba hilo la baba. Nikapanda mlima na dumu langu kikapuni, pamoja na ndizi nilizochemsha mwenyewe.

Shemeji yangu, mke wa huyo mdogo wangu, akatuwekea sinia moja la makande na nyama ya mbuzi. Makande ya kwetu hulainishwa kwa magadi. Nikatoa ndizi zangu.

"Shemeji, umeokoka mpaka chumvi?" akaniuliza, na watu wakacheka.

Mdogo wangu hakucheka. "Kaka, unakuja na chakula chako nyumbani kwa baba yako?"

"Daktari amenikataza."

"Amekukataza chumvi, au mkono wa mke wangu?"

Shemeji alipokiinua kikapu akiweke ndani, akaliona dumu. "Na hili je?"

"Mkojo wangu," nikasema. Ningesema nini kingine?

Nikajaribu kuwaeleza habari za figo. Baba mdogo, mzee pekee aliyebaki wa rika la baba, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "mkojo unamwagwa chooni. Hautembezwi kwa watu."

"Anazindika kiwanja hata hajapewa," mdogo wangu akadakia. Damu ninayotolewa na kupelekwa maabara ya mbali sikuthubutu kuitaja. Sote tumekua tukitishwa na mumiani.

Wakakata shauri: Jumamosi hii nirudi, nile nao sinia moja mbele ya wazee. Nikila, nitaonyeshwa kiwanja. Nikikataa, nisipande tena.

Nikamwomba daktari aniruhusu mlo huo mmoja. Akavua miwani. "Mzee wangu, nikikupima baada ya hapo nitakuwa napima makande." Nafasi yangu atapewa mgonjwa mwingine, kwani dawa walizoletewa ni chache. Nikamtumia mdogo wangu ujumbe ashuke amsikilize daktari mwenyewe. Akajibu, "Ili mnitie na mimi kwenye dumu?" Linaloniumiza zaidi ni kwamba siku ile, wakati naondoka, shemeji alininong'oneza kuwa mume wake siku hizi anaamka kichwa kinamgonga kisogoni. Baba alianza hivyohivyo.

Wasomaji wenzangu, mimi si mtu wa kuomba ushauri hadharani, ila nimegeuka kila upande na sioni mlango. Nikila, nitapata pa kulala kwetu na kuikosa dawa ambayo huenda siku moja ingemfaa hata yeye. Nisipokula, nitatibiwa nikiwa sina nyumba, na mdogo wangu ataendelea kuamini kwamba nilimwona mchawi. Nimechoka kuwaza peke yangu. Jumamosi, watakaponinawisha mikono na kulisogeza lile sinia, nifanye nini?