Fundi wetu wa barafu alifiwa na mama ng'ambo, permit ikiwa bado Nairobi

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioamka na mliolala kazini.

Jana nimesoma uzi wa kijana mmoja humu anauliza kama anaweza kuandika fundi Mganda kazi "kwa muda tu", halafu permit ifuate pole pole. Mkamjibu kwa vicheko na emoji.

Mimi nikaweka simu chini. Nilichoka.

Acha niwaambie kitu kilichotokea mbele ya macho yangu miaka ya tisini. Sitaongeza chumvi. Ningekuwa mtu wa kuongeza chumvi ningeifanya iishe vizuri.

Nilikuwa karani wa personnel kwa kiwanda kimoja cha samaki Homa Bay. Jina sitaji, kilishafungwa zamani na wenyewe wengine bado wako hai. Mbuta, yaani sangara, ilikuwa inatoka Mbita na Sori huko ziwani, inapasuliwa, minofu inapakiwa na barafu, inaenda airport, inaenda Ulaya. Sisi tunabaki na mgongo wazi, ile mifupa iliyotolewa minofu, tunakaanga.

Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila mtu ana karatasi yake. Mkenya, kipande. Mgeni, work permit.

Mtasema hiyo ni kazi rahisi. Njooni mpakani muifanye. Huku mtu boma la babake liko Kenya, kwa wajomba zake ni Tanzania, na ng'ombe wao hawajui tofauti. Ukimwuliza wewe ni wa wapi, anakutajia ukoo. Nimewahi kumwambia mama mmoja wa kupasua samaki alete ushahidi wa kuzaliwa, akaniletea shangazi yake.

Basi. Tulikuwa na fundi wa mitambo ya baridi, tumwite Odero. Mjaluo wa ng'ambo, upande wa Tanzania, vile vijiji vya kando ya ziwa ukishapita Sirare. Alisomea Mwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha redio, sisi tunamcheka, yeye anatuangalia tu na ile bisibisi yake mfukoni.

Lakini mtambo ukilia vibaya, kila mtu anajua jina lake. Bila Odero hakuna barafu, na bila barafu hakuna kiwanda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa jembe, na mimi ndiye nilikuwa namtafutia kibali cha kulishika.

Permit yake ilikuwa inaisha. Niliomba iongezwe mapema, tena mapema sana, maana najua Nairobi. Barua ikaenda, kimya. Nikapiga simu, kimya. Permit ikaisha.

Hapo mtu anapewa special pass. Ni karatasi ya muda, inakuruhusu ukae na ufanye kazi ukingoja permit. Ni nzuri. Ila ina kitu kimoja, na hapa naomba mnisikize vizuri, kwa sababu maneno yote yako hapa.

Special pass ukivuka mpaka, imekufa. Kutoka na kurudi unahitaji re-entry. Na re-entry anapewa mwenye permit hai. Odero hakuwa na permit hai. Alikuwa na pass.

Kwa hivyo alikuwa huru Kenya nzima, mpaka Mandera akitaka. Kwao, ambako ungefika kwa boti kutoka Sori kabla ya chai ya saa nne, hapana.

Mtauliza, si angepita tu na boti? Kila mtu alipita tu na boti! Ndiyo. Lakini mwaka uliotangulia kuna mwenzake alipita tu na boti. Akarudi akakuta watu wa immigration wamekuja kuhesabu wageni na yeye hayuko. Huyo hakukanyaga kiwanda tena, jina likawekwa kwa wale wasiotakiwa nchini. Na meneja akaambiwa ikitokea tena, wageni wote nje.

Tangu hapo afisa alikuwa anakuja bila kupiga hodi. Hakutaka karatasi peke yake. Alitaka mtu asimame mbele yake.

Na Odero alikuwa anasomesha wadogo zake wote. Baba yao alishatangulia.

Sasa.

Asubuhi moja nikaona mzee amekaa kwa benchi la gate, suruali imelowa mpaka magoti, kofia mkononi. Nikajua. Mtu wa ng'ambo hakai hivyo na kofia mkononi kwa jambo jema.

Alikuwa baba mdogo wa Odero. Nikamwita fundi. Walikuwa wanaongea Kijaluo, mimi ni Mjaluo pia, naandika kwa Kiswahili mpate nyote.

"Wuoda," mzee akamwambia, yaani mwanangu. "Mama yako ametuacha."

Odero hakulia. Alishika ukuta. Akauliza, "Yuko wapi?"

"Yuko hospitali, mochwari. Tunakungoja wewe. Wewe ndiye kayo."

Kayo ni kifungua mimba. Kwetu mama hazikwi kayo wake akiwa hai na hayupo. Si mambo ya kujadili kwa kamati. Anangojwa.

Tukaingia kwa meneja. Meneja hakuwa mtu mbaya, wakuu, nataka mjue. Alisimama, akampa mkono, akasema pole sana. Halafu akaniangalia mimi. "Akienda, atarudi?"

Wote wakaniangalia. Mzee, fundi, meneja. Nikasema ukweli. Nikasema akivuka leo, pass imekufa, na kwa sheria hana njia ya kurudi kazini hapa.

Odero akaniuliza, "Na permit?"

"Nitaenda Nairobi mwenyewe."

Akamwambia baba yake mdogo, "Ningojeni."

Mzee hakukataa. Alikuna kichwa tu, akasema kuna shida nyingine. Mashine ya baridi ya ile mochwari ilikuwa imekufa. Fundi ameitwa kutoka Mwanza, hajaonekana.

Yawa! Hapo ndani kulikuwa na fundi wa baridi, na amefungwa miguu na karatasi yangu.

Odero akaanza kumuuliza mzee maswali kama daktari. Inalia ama imenyamaza kabisa? Taa inawaka? Ukishika nyuma ina joto? Maskini mzee ni mkulima wa mihogo. Akasema, "Mwanangu, mimi niliona tu maji chini."

Ndipo Odero akamgeukia meneja. Ni mara ya kwanza kumsikia akiomba kitu.

"Bwana meneja, naomba barafu."

Mjue kila siku lori letu lilikuwa linashuka Sori na barafu, linarudi na mbuta. Meneja akasema chukueni, chukueni yote mnayotaka. Kuanzia siku hiyo, kabla lori halijajazwa, Odero alikuwa anachagua vipande vyake mwenyewe. Vile vizito, visivyo na hewa ndani. Anavifukia kwa pumba za mbao, anafunga na gunia, anashona na kamba. Sori boti ya ukoo inangoja. Jioni vijana wa kwao wanavibeba mpaka kule mochwari.

Barafu ilivuka kila siku. Hakuna aliyeiuliza ina kibali gani.

Mimi nikapanda basi, Nairobi.

Hiyo safari sitaki kuieleza sana, inanichosha mpaka leo. Mnajua dirisha lile. Unaambiwa file iko kwa mkubwa. Mkubwa yuko semina. Mkubwa amerudi, lakini file imeteremshwa. Imeteremshwa wapi? Rudi kesho. Nikawaambia jamani kuna maiti. Mama mmoja wa pale akaniambia kwa upole, "Baba, kila mtu kwa hii line ana maiti ama ana harusi." Alikuwa anasema kweli.

Nikirudi lodging napiga simu kiwandani. Naambiwa Odero yuko kazini, mitambo iko sawa. Halafu siku moja naambiwa afisa alikuja.

Huyu afisa alikuwa mtu wa Pwani, mpole, kanzu yake safi siku ya Ijumaa. Aliomba wageni wasimame, Odero akasimama. Watu wakamwambia amefiwa na mama. Afisa akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Makiwa, ndugu yangu. Mungu akupe subira." Akakagua pass, akaona iko hai. Halafu akasema, "Usivuke lakini. Ukivuka sitaweza kukusaidia, na nitaumia."

Mnaona? Hakuna adui kwa hii hadithi. Nimemtafuta miaka yote hii, simpati. Angekuwepo mmoja ningemlaumu nilale.

Permit ilitoka. Sikuhonga mtu, sikufanya ujanja, hakuna mjomba aliyepiga simu. Zamu yake ilifika tu. Nilienda dirishani kama kawaida, nikapewa, imeongezwa miaka miwili, na re-entry imegongwa juu. Nilitoka nje nikakaa kwa ngazi za pale kama mlevi.

Nilipofika Homa Bay Odero alikuwa kwa gate, begi mgongoni. Hakusema habari ya safari.

"Imetoka?"

"Imetoka."

Hakupita Sori na boti. Alizunguka Migori, akashuka Isebania mpakani, akagongwa muhuri wa kutoka, kama sheria inavyotaka. Mimi ndiye nilimwambia apite huko, nisije nikapoteza kila kitu mlangoni. Alikubali bila neno.

Jumamosi wakazika.

Alirudi juma lililofuata. Muhuri wa kutoka, muhuri wa kuingia, kila kitu safi. Hiyo ndiyo permit safi kuliko zote nimewahi kushika kwa maisha yangu.

Nikamfuata kwa chumba cha mitambo kumpa pole, na kusema kweli nilitaka pia kusikia asante kidogo. Binadamu ni binadamu.

Alikuwa anapangusa mikono. Nikamuuliza, "Omera, ndugu yangu, mlimzika vizuri?"

"Tulimzika vizuri. Watu walikuwa wengi."

"Ulimwona?"

Akaendelea kupangusa mikono, na ilishakauka.

"Nilikuta wamefunga sanduku. Wazee waliniambia, Odero, usifungue. Mkumbuke alivyokuwa."

Mtambo ukawa unanguruma tu hapo katikati yetu.

"Barafu ilikuwa inafika imekwisha nusu," akasema. "Jua la ziwani unalijua. Walijitahidi. Siwalaumu. Wala wewe sikulaumu, karani, uliniambia ukweli."

Halafu akaniambia hii, na ndiyo imenifanya niandike leo.

"Kesho yake baada ya mazishi nilienda pale mochwari nikafungua ile mashine. Ilikuwa waya mmoja, umeungua kwa nyuma. Niliukata nikauunga. Nilipomaliza, chai yangu ilikuwa bado moto kikombeni."

Nililia mimi. Yeye hakulia. Mimi, mtu mzima, mbele ya mitambo, nililia mpaka akanishika bega.

Alimaliza miaka yake miwili. Barafu haikukosekana hata siku moja. Nilipompelekea karatasi za kuomba tena, mapema kuliko mapema, akazirudisha kwa meza yangu pole pole. "Hii iache iishe," akasema. Wadogo zake walikuwa wamemaliza shule. Akafunga begi, akaenda kwao. Mara ya mwisho kusikia habari zake alikuwa anatengeneza mashine za hospitali za huko.

Sasa funzo, maana najua mnalitaka.

Kijana wa ule uzi wa jana, usiandike mtu kazi bila kibali. Permit si mapambo ya file yako. Huyo mtu ndiye atakuwa amefungwa huku siku kwao kutaita, si wewe. Na wenye wageni wenye permit, msingoje iishe ndipo mkimbie. Omba mapema, na wakati permit bado hai, mwombee re-entry hata kama anakuambia haendi popote. Wote wanasema hawaendi popote.

Mimi nilifanya kazi ya personnel miaka mingi baada ya hapo, viwanda vingine, hata Awendo kwa miwa. Mgeni akiketi mbele yangu niliacha kuanza na "permit yako iko wapi". Nilianza na "mama yako bado yuko?" Wengi walifikiri nawasalimia.

Haya, uwanja ni wenu. Kama karatasi iliwahi kukuzuia na mtu wako anakungoja, andika hapa chini. Na wale mliofanya kazi immigration, njooni pia, hakuna atakayewatukana kwa uzi huu. Ningependa mniambie kama kulikuwa na njia nyingine ambayo mimi sikuijua.